Kwa Mujibu wa Kifungu

Julai, Moshi. Bwalo la shule lina baridi ya sahani.
Tumekaa kumi na wawili, makoti hadi shingoni,
kalamu nyekundu, chai ya rangi,
na mitihani ya utamirifu imepangwa mezani
kama matofali ya mtu asiyejua atajenga lini.

Swali la kwanza, ufahamu. Kifungu nakijua kwa kichwa,
nimekisoma mara mia kabla ya saa nne:
mifereji ya asili ya mlimani imepitwa na wakati,
hufuja maji, huleta ugomvi;
ifukiwe, yatandazwe mabomba, kila nyumba na mita yake.
Hoja zimesimama mstarini, viatu vimepigwa rangi.
"Aidha," anasema mwandishi. "Isitoshe." "Hivyo basi."

Wengi wamejibu kama tulivyowafunza:
wamechota sentensi, wamebadili neno moja, wamemimina.
Vema. Vema. Vema. Mkono unakwenda wenyewe
kama wa mama anayepepeta mchele huku anaongea.

Halafu namba sifuri sifuri nne saba.
Mwandiko umelala upande, migomba baada ya upepo.

(a) Mwandishi ana msimamo gani?
"Anapinga mifongo. Naona hajawahi kuamshwa
saa nane usiku, zamu ya kwao,
ashike jembe na kurunzi, akafungue maji miguu mitupu."

(b) Taja hoja mbili anazotumia.
"Ya kwanza, maji yanapotea. Sijui anaita nini kupotea.
Yakitutoka sisi yanaingia kwa mama Ndeshi, kwenye magimbi.
Ya pili, ugomvi. Hiyo ni kweli.
Babu na mzee Kileo hawakusalimiana miaka sita.
Ila siku ya kusafisha mfongo walisimama jirani,
mmoja anachimba, mwingine anazoa udongo."

(c) Kwa nini anasema maji ya mfereji hayana mwenyewe?
"Kwa sababu yana zamu."

Niliweka kalamu chini.
Mwongozo uko wazi, umepigwa muhuri:
JIBU LITOKE KIFUNGUNI. MAONI YA MTAHINIWA, SIFURI.
Na ni mimi huyuhuyu, Uru, miaka kumi na mmoja,
niliyegonga ubao kwa rula:
"Hukuulizwa unaonaje! Umeulizwa yeye kasema nini.
Funga mdomo wako, ufungue wake."
Ni ushauri mzuri. Umewafikisha watoto vyuoni.

Nikampelekea Bi. Aikande Urio, kiongozi wa jopo.
Akasoma amesimama. Akasoma tena amekaa.
"Huyu anamjibu nani?"
"Anamjibu mwandishi."
"Mwandishi hakumuuliza kitu. Tumemuuliza sisi."
"Lakini msimamo kautambua. Hoja zote mbili kazitaja."
"Kazitaja huku anazipiga."
"Asiyeiona hoja angeipigaje?"
Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge.
"Usiniandikie insha, Mwalimu."

Tukampa (a) alama mbili.
(b) mbili, ila ni baada ya chai, na baada ya
mwalimu wa Rombo kusema kwao pia mfongo umekauka,
akanyamaza, hakusema uchungu wake uko upande gani.
(c) sifuri. Kifungu kinasema hayana mwenyewe
maana hayalipiwi. Hapo Bi. Aikande hakutikisika,
na nilichoogopa ni kwamba yuko sahihi.

Imebaki (d): kipe kifungu kichwa
kisichozidi maneno matano.
Ameandika, akakata. Akaandika, akakata.
Kengele ikamkuta hapo.
Nimeinua karatasi dirishani, kwenye mwanga,
na chini ya mikato nasoma:
"Zamu ya nani".

Maneno matatu. Hayazidi matano.
Lakini amekata.
Wenzangu wamefunga bahasha zao, wanavaa kofia.
Wino wa kalamu unaanza kudondoka, na mimi sijaamua.